Pua ya Mama Regina

Daktari Bariki hasikii harufu. Tuanze hapo, maana bila hilo habari hii isingekuwepo, na Honorata angebaki ufukweni Kibirizi akibanika samaki wake, migebuka, mpaka moshi ummalize macho. Ule ugonjwa uliozunguka dunia nzima na kuwafungia watu ndani ulimkuta Bariki akiwa masomoni, ukamwachia uhai, ukaondoka na pua. Ukimwekea samaki wa juzi chini ya pua atakutazama tu, anangoja umwambie kuna nini. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyerudi kwao Gungu, si mbali na Kibirizi, akapanga nyumba ya vyumba vitatu, akatangaza kwamba atatibu majeraha ya moto kwa ngozi za samaki. Watu walicheka sana, na kwa kweli siwalaumu.

Alichokuwa akitengeneza hakikuwa dawa hasa. Kilikuwa kipande cheupe, chepesi, kipana kama kiganja, chenye matundu madogo madogo kama ya mkate. Ngozi ya samaki ukiichemsha kwa moto mdogo hutoa uteute unaoganda ukipoa, ndio unaoitwa jelatini. Bariki aliumimina kwenye trei, akaugandisha mpaka barafu ikachimba vinjia ndani yake, kisha akaikausha ile barafu kwa mashine ya kunyonya hewa, yakabaki matundu matupu. Kipande kama hicho kikiwekwa juu ya jeraha kubwa, chembe hai za mwili huingia kwenye matundu, zikashika, zikajenga ngozi mpya, na chenyewe kikaisha taratibu. Ni jukwaa la mafundi tu: nyumba ikisimama, miti inaondolewa.

Wenzake wa ng'ambo walitumia nguruwe, na wengine samaki wa bahari za baridi. Bariki alisema nguruwe hata Ujiji, mji wa Waislamu wengi, hapiti, achilia mbali kuwekwa mwilini mwa mtu, na jelatini ya samaki wa baridi hulegea ikiwa bado mezani. Kuhe, samaki mkubwa wa ziwa Tanganyika, amezoea maji ya vuguvugu, kwa hiyo uteute wake huvumilia joto. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kilichomshinda ni kitu kidogo ambacho kila mama wa Kibirizi anacho, yaani kujua kama samaki ni mzima au ameanza kuharibika.

Ndipo akapelekewa habari za Honorata. Mama huyu wa Kiha, mwenye miaka hamsini na mmoja, alikuwa akiinamisha uso kwenye mashavu ya samaki na kukwambia ametoka majini alfajiri au jana jioni. Wanawake wakigombana na wavuvi juu ya samaki waliolala, waliitwa wote mbele yake, na alichosema ndicho kilichokuwa. Hakuwahi kumpendelea mtu. Hata shemeji yake aliwahi kuambiwa mbele ya kadamnasi kwamba ndoo yake yote ni ya kumwaga, na hadi leo hawasalimiani vizuri.

Bariki akampa kazi: achague kuhe, awachune, aweke ngozi kwenye barafu, azilete Gungu. Masharti yalikuwa matatu, yameandikwa kwa wino mwekundu na kubandikwa ndani ya mfuniko wa boksi. Zisiguse chumvi. Zisiguse majivu. Zisiguse moshi. Na kila alipofika, Bariki alifungua daftari kwenye safu iliyoandikwa Harufu, akashika kalamu na kuuliza, "Zinanukaje, mama?" Honorata akisema neno, ndilo lililoandikwa. Daktari mzima, mwenye shahada ukuta mzima, alikuwa akinusa kwa pua ya mama aliyeishia darasa la saba.

Sasa nikueleze kwa nini Honorata alikubali, maana malipo yenyewe hayakuzidi mapato ya mbanika samaki mwenye bidii. Alikubali kwa ajili ya Regina, binti yake. Regina alipokuwa na miaka mitatu, mafuta ya migebuka yalidondokea makaa kwenye tanuri la kubanikia, moto ukaruka, ukamshika mkono wa kushoto. Honorata alikuwa amegeuka kidogo tu kumjibu mteja. Mtoto alipona, lakini kovu lilivuta, kiwiko kikakunjika, na sasa ana miaka kumi na tisa na mkono haunyooki. Siku ya kwanza kabisa Honorata aliuliza, "Daktari, hiki kitu chako kitanyoosha mkono?"

Bariki hakuwa tapeli. Alimjibu kwamba si leo wala si mwakani. Kwanza vipande vijaribiwe na chembe hai kwenye maabara ya Dar es Salaam, kisha kwa wanyama, kisha ndipo watu. Ila ni kweli kwamba daktari akilikata kovu la namna ile anahitaji kitu cha kuweka palipokatwa, na kitu hicho huenda kikawa hiki. Honorata alisikia hiyo sentensi ya mwisho tu. Aliondoka nayo mpaka Kibirizi na kulala nayo mwaka mzima.

Mwaka huo haukuwa mwema. Kabla ya kusafirishwa, kila kipande kilipaswa kukaa siku saba kwenye maji yenye joto la mwili bila kusambaratika. Mikupuo mitano ya vipande ilitengenezwa, mitano ikayeyuka. Mmoja ulikwisha siku ya pili, ukabaki kama ute wa bamia. Watu wa Dar wakaanza kuchoka. Walimwambia Bariki kwamba wakifika katikati ya Juni hawajapata kipande kinachosimama, watafunga jalada la kazi yake. Na katikati ya Mei ziwa lilikuwa linafungwa, kama siku hizi linavyofungwa miezi mitatu kila mwaka samaki wazaliane. Kwa hiyo mkupuo wa sita ulikuwa wa mwisho.

"Nipe ngozi arobaini, mama," Bariki alimwambia. "Zikiwa safi, tumepona. Zikiwa mbovu, mimi naenda Dodoma kufundisha chuo."

Honorata alizipata zote arobaini siku moja kabla ya ziwa kufungwa. Alifika ufukweni kabla ya jua, akazunguka mtumbwi hadi mtumbwi, akanusa, akakataa, akanusa, akachukua. Saa tatu asubuhi alikuwa amemaliza kuchuna. Kisha akangoja barafu, nayo haikuja. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mwenye mashine ya barafu alikuwa akisema "bado kidogo" kila alipopigiwa simu. Ile iliyobaki ndani ya boksi iligeuka maji. Saa tano, jua likapanda. Saa sita Honorata alifunua mfuniko, akainama, akanusa. Hazikuwa zimeoza. Lakini kulikuwa na ule uchachu mwembamba unaotangulia kuoza, ambao wewe na mimi tusingeusikia, na yeye aliusikia kama mtu amempigia kelele sikioni.

Angeweza kumpigia Bariki na kumwambia, basi, zimeharibika. Simu ilikuwa mkononi. Akauona mawazoni mkono wa Regina, akairudisha simu kwenye kanga.

Hatua kumi kutoka hapo Yunisi, jirani yake wa miaka mingi, alikuwa amewasha tanuri. Na hapa usimhukumu Honorata haraka, mpaka uwe umekulia Kibirizi. Pale samaki anayetaka kuharibika hatupwi. Anapewa moshi. Mama yake Honorata alifanya hivyo, na bibi yake. Ni huruma kwa samaki na ni heshima kwa jasho la mvuvi. Mkono wake ulikuwa umeshazoea kazi hiyo kabla hajajua kusoma wino mwekundu. Alizitundika ngozi arobaini kwenye nyaya za juu kabisa, mbali na moto, zikapata moshi wa dakika kumi na tano, labda ishirini. Uchachu ukakata. Akazishusha, akaziosha mara tatu kwa maji ya ndimu mpaka harufu ya moshi nayo ikanyamaza. Saa kumi barafu ilipofika, ngozi zilikuwa zinang'aa. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, lakini wazee hawakuwa na ndimu.

Gungu alifika kwa bodaboda, boksi mapajani. Bariki alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Zinanukaje?"

"Marahaba." Honorata alitazama daftari, hakumtazama yeye. "Safi."

Akaandika Safi, akaipigia mstari chini kwa furaha.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko umaskini. Ngozi zilichelewa kutoa uteute, na uteute wenyewe ulikuwa na rangi ya majani makavu kwa mbali. Bariki akasema ni mafuta ya kuhe wa msimu huu. Alikuwa pia amebadili namna ya kugandisha, akaigandisha trei polepole kuliko zamani. Vipande vikatoka, vikatiwa majini. Siku ya pili vikasimama. Siku ya tatu. Siku ya tano Bariki alimpigia Honorata simu akipaza sauti kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Siku ya saba alikuja mwenyewe Kibirizi na kipande ndani ya kichupa, akakitikisa mbele ya uso wa Honorata. Hakikumomonyoka hata kidogo.

"Ni ule ugandishaji wa polepole, mama! Mwaka mzima nilikuwa na haraka ya bure. Nimeshawaandikia Dar. Alhamisi vinaondoka kwa ndege."

Honorata alicheka naye. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijiambia kwamba pengine ni kweli, pengine ni ugandishaji. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mwalimu.

Aliyemwondolea faraja hiyo ni Yunisi, tena bila kujua. Jumatano mchana ziwa likiwa tupu, tanuri zimepoa, wanawake wamekaa bila kazi, Yunisi alikuwa akipika mgebuka mkavu wa akiba. Akalalamika jikoni kwake, Honorata amekaa mlangoni, "Hii ngozi ya samaki wa moshi! Nimechemsha tangu asubuhi, haiyeyuki. Mbichi ingekuwa imeshaisha kwenye mchuzi."

"Haiyeyuki?" Honorata aliuliza.

"Mawe! Na wewe unaniuliza mimi? Umebanika miaka thelathini. Moshi ukishaikaza ngozi, imekazwa."

Alikuwa akijua. Ndilo lililomuuma Honorata zaidi. Alikuwa akijua siku zote, ni vile tu hakuwahi kuyaweka maarifa ya sufuria na maarifa ya Gungu meza moja. Si ugandishaji uliovisimamisha vile vipande. Ni moshi wake. Na kama moshi ulibaki wa kutosha kukaza, basi ulibaki pia ule ukali wake, unaowafukuza funza na nzi, unaozuia kitu chochote kidogo kisiishi juu ya samaki. Chembe hai za mwili ni nini kama si kitu kidogo kinachotaka kuishi?

Alhamisi ndege ilikuwa ya saa nane. Saa tano Honorata alikuwa juu ya bodaboda, anapanda Gungu, na mdomoni hana neno hata moja lililokamilika. Akisema, Dar watafunga jalada, Bariki atafungasha, na mkono wa Regina utabaki ulivyo. Akinyamaza, huenda wakapita. Ndiyo, huenda! Labda hizo chembe za Dar ni ngumu kuliko nzi wa Kibirizi. Alishuka akiwa ameamua kunyamaza. Namwandika kama alivyokuwa: aliamua kabisa.

Alimkuta Bariki amevaa shati la pasi. Boksi la povu lilikuwa mezani, limeshabandikwa anwani, vipande kumi na viwili ndani ya mifuko. Ilibaki karatasi moja ya kusaini.

"Afadhali umekuja, ningekufuata," alisema. "Dar wanataka na harufu ya kitu chenyewe, si ya ngozi tu. Mimi si unanijua." Akafungua mfuko mmoja, akadondoshea kipande matone ya maji ya vuguvugu kama fomu ilivyotaka, akamsogezea. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Kinanukaje, mama?"

Honorata aliinama. Kipande kilikuwa kimepata joto, na pale ndani ya weupe ule, mbali lakini bila shaka yoyote, ulikuwepo moshi wa kuni za mwembe. Tanuri la Yunisi. Na nyuma ya tanuri la Yunisi lilikuwepo tanuri lake mwenyewe, la miaka kumi na sita iliyopita, na mtoto anayelia.

Aliinua uso. Bariki alikuwa akimtazama kwa imani ile ile ya kila siku, kama kipofu aliyeshikwa mkono katikati ya barabara. Hiyo ndiyo iliyomshinda. Angekuwa na pua, angejilinda mwenyewe.

"Moshi," alisema.

"Nini?"

"Kinanuka moshi. Ngozi nilizipa moshi mimi. Barafu ilikosekana, zikaanza kuchachuka, nikazitundika kwa Yunisi, kisha nikaziosha kwa ndimu. Nikakwambia safi. Hazikuwa safi, mwanangu. Na ni moshi ndio uliovikaza, siyo ugandishaji wako."

Bariki hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini, akauchukua ule mfuko, akautia puani, akavuta pumzi kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mpaka machozi yakamlenga. Hakusikia kitu. Aliurudisha mezani.

"Unajua nimewaambia nini Dar?" aliuliza polepole. "Nimewaambia nimepata njia. Nimeweka jina langu. Mwaka mzima, mama, sikuwa na kingine cha kuamini ila wewe."

"Najua."

"Nenda nyumbani."

Alikwenda kwa miguu, Gungu mpaka Kibirizi, jua la saa saba likimchoma utosini, na hakuona anastahili bodaboda. Huko nyuma Bariki alitoa vipande kumi na kimoja kwenye boksi, akabakiza kimoja ili Dar wajionee wenyewe. Kwenye karatasi aliandika ukweli wote, kwamba ngozi zimeguswa na moshi na kwamba matokeo yake yasihesabiwe. Kile kimoja kikapanda ndege.

Nyumbani Regina alikuwa akipepeta mchele, ungo ameuegemeza kwenye mkono uliokunjika kama alivyojizoesha. Alimsikiliza mama yake akisimulia mpaka mwisho, na uso ukamwiva.

"Mama, ungenyamaza tu! Wangegundua wenyewe huko, wasingegundua, yangekuwa yao. Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nimekaa na mkono huu tangu nina akili. Hukuniwaza?"

Honorata alimsogelea, akaweka kiganja juu ya kiwiko chake, pale kovu lilipo nene.

"Ungekuja kuwekwa hapa," alisema. "Moshi wangu. Mara ya pili."

Regina alivuta mkono, akaendelea kupepeta kwa hasira, mchele ukimwagika. Baada ya muda aliacha. Alilia, na mama yake akalia.

Jibu la Dar lilifika baada ya siku tisa. Chembe zote zilizowekwa kwenye kile kipande zilikufa kabla ya siku ya nne. Hawakumsifu Bariki kwa ukweli wake, watu wa maabara si watoa sifa, ila waliandika kwamba jalada litabaki wazi hadi Septemba, na baada ya hapo hawaahidi. Honorata alizipata habari hizo kwa Yunisi, aliyezipata kwa dereva wa bodaboda, maana Bariki mwenyewe hakupiga simu. Juni ikapita. Julai ikapita. Wanawake wa Kibirizi walilima bustani, wakasuka, wakagombana kwa kukosa kazi. Mwanamke mmoja alimletea Honorata ndoo ya dagaa wa magendo amwamulie kama wamelala, akamjibu kwamba yeye siku hizi hanusi.

Katikati ya Agosti ziwa likafunguliwa. Asubuhi ya kwanza ufukwe ulijaa watu, mitumbwi ikapokelewa kwa vigelegele. Honorata alikuja na beseni lake la zamani, kununua migebuka ya kubanika. Alipofika majini alimkuta Bariki amesimama na suruali imekunjwa hadi magotini, boksi la barafu begani, daftari kwapani. Alikuwa amefika kabla yake. Karibu naye alisimama Regina, na boksi la pili, dogo, amelikumbatia kwa mkono ule usionyooka, nalo lilikaa hapo kama limepimiwa.

"Alinifuata Gungu jana," Bariki alisema, akimaanisha Regina. "Akaniambia nikitafuta pua nyingine isiyowahi kukosea, nitaikuta imekosea ikaficha, na ya mama yake angalau ilisema." Alihamisha boksi bega la pili. "Shikamoo mama."

"Marahaba," Honorata aliitika, akaweka beseni chini.

Mtumbwi wa kwanza ulikuwa na kuhe sita wakubwa, wenye rangi ya dhahabu, macho maangavu. Mvuvi alimnyanyua mmoja kwa mashavu awaonyeshe, na watu wakasogea kumshangaa. Bariki alifungua daftari kwenye safu ya Harufu.

"Ananukaje?"

Honorata aliinama muda mrefu kuliko alivyowahi. Alimgeuza samaki, akanusa upande wa pili: ule uchachu mwembamba ulikuwepo. Mvuvi alianza kuapa kwa jina la mama yake. Septemba ilikuwa wiki mbili tu kutoka hapo, na Regina alikuwa akimtazama.

"Hapana," alisema. "Huyu hapana."

Bariki hakuuliza kwa nini. Aliandika Hapana, akalibeba boksi, wakasogea mtumbwi wa pili.